Jeki Niliyoijaza Mafuta ya Breki

Vijana wa gereji, Fundi Neema ameniomba niandike kurasa chache kuhusu jeki: namna ya kuitumia bila kuumizana, na namna ya kuitunza ili idumu. Amesema atazibandika ukutani karibu na kabati la spana, pale mnapotundika mashati yenu safi. Nilikubali upesi kuliko nilivyopaswa, maana mstaafu akiombwa kitu hukubali kwanza, halafu ndiyo anauliza ni kitu gani. Sasa nina siku ya nne barazani kwangu na kalamu. Mke wangu kila akipita anachungulia, anasema hata barua za kumchumbia hazikunitoa jasho hivi.

Kinachonichelewesha ni kwamba siwezi kuandika habari za jeki bila kuandika habari za Kasiano Magesa. Nyie mnamfahamu kwa jina la Valvu. Wengi wenu hamjapata kumwona; aliondoka gereji yetu ya Mkuyuni hamjazaliwa. Lakini kila anayeanza kazi hapo huambiwa siku ya kwanza, "Angalia usije ukawa Valvu." Na hadithi yake mnaijua: aliigusa valvu ya jeki kwa goti, gari likamshukia, akapoteza vidole viwili.

Hadithi hiyo ni ya uongo, na aliyeitunga ni mimi. Haya, nimeshasema, hakuna aliyeanguka. Tuendelee na jeki.

Jeki ya mafuta, ile fupi nene mfano wa chupa, ni kitu rahisi. Ndani kuna mafuta. Ukipampu mpini, mafuta yanasukumwa chini ya pistoni, nayo inapanda pamoja na gari. Ukilegeza valvu, ile skrubu ya pembeni kule chini, mafuta yanarudi yalikotoka na gari linashuka. Kinachoyazuia yasirudi kabla hujataka ni sili, yaani viraba vilivyomo ndani, vyembamba kama soli ya kandambili iliyochakaa. Kwa hiyo ukimwona mwenzako amejilaza chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, anapiga simu huku miguu inacheza muziki, jua kwamba maisha yake ameyakabidhi kwa kandambili.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hamadi, msimamizi wetu, mtoto wa mjini, ambaye ukoo wao wote walikuwa mafundi wa kitu fulani: huyu cherehani, yule viatu, yeye magari. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alisema, "Jeki kazi yake kupandisha. Kubeba ni kazi ya taruma." Mataruma ni yale magogo ya reli, alikuwa nayo manne yaliyokatwa vizuri, na gari likishapanda lilishushwa likakalia taruma, jeki ikapumzika. Asiyeingiza taruma alifukuzwa siku hiyo, akarudi kesho yake na salamu za upole.

Na ubao chini ya jeki, jamani. Sisi watu wa Mwanza tumezoea mawe. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe, nguo tunaanikia mawe, watoto wanatelezea mawe hadi kaptula zinatoboka. Mwezi wangu wa kwanza niliokota jiwe bapa zuri, nikaliweka chini ya jeki, nikasimama pembeni nisifiwe. Mzee Hamadi akalichukua, akaligonga kwa nyundo mara moja. Likamenyuka ganda kama kitunguu.

"Hili ni kubwa kwa umri kuliko babu yako," akasema, "lakini linamenyuka. Tena chuma na jiwe havishikani. Leta ubao."

Na kabla ya yote, kabari kwenye matairi yanayobaki chini. Nilijifunza hilo siku nilipoinua pikapu upande wa nyuma bila kabari wala handibreki. Lilitoka juu ya jeki taratibu, likateremka na uwanja, likaenda kusimama kwenye meza ya mama wa maandazi kwa adabu kabisa, utadhani limekuja kununua. Mama yule akaniuliza, "Linataka mangapi?"

Wakati ule gereji ilikuwa na desturi moja: kosa lako kubwa la kwanza ndilo linakuwa jina lako. Mwenzetu mmoja aliunga betri nyuma mbele, akawa Betri mpaka kwenye kadi ya harusi yake. Mwingine alitia petroli kwenye injini ya dizeli, na mtoto wake shuleni akaandikishwa mtoto wa Petroli. Mimi nilikuwa niitwe Maandazi. Niliponea kwa sababu tayari nilikuwa na kosa la kila siku, ambalo ni kwenda nyumbani. Ikifika saa sita mchana, hata gari liwe limepasuliwa tumbo, mimi nilinawa nikaenda kula kwa mke wangu, nikajinyoosha kidogo kwenye mkeka, nikarudi. Nimezaliwa hivyo. Sipendi safari, sipendi kulala kwa watu, sipendi ugali nisioujua. Ndiyo maana mnaniita Mzee Saa Sita hadi leo, na mimi naitikia.

Kasiano hakuwa na jina. Alikaa pale miaka na hakuna aliyepata kosa la kumpa. Alikuwa Mkerewe wa Nansio, rika langu, mkimya. Kazi yake ilikuwa gia boksi. Aliifungua, akaipanga vipande vipande juu ya gunia, akairudisha, na mwisho hakuna nati iliyobaki. Mimi nilikuwa nabaki na nati mbili tatu kila mara, nazificha mfukoni. Mke wangu alikuwa akifua suruali zangu anasikia kama anafua kengele.

Sasa kuna kipimo ambacho nyie hamkifanyi, na kosa la kutokifanya ni langu pia. Mtaona kwa nini. Kila Jumatatu Mzee Hamadi alipima jeki zote. Alipandisha gari, akachora mstari wa chaki kwenye pistoni pale inapotokea mdomoni mwa jeki, akaenda kuswali adhuhuri. Akirudi alichungulia mstari. Kama upo palepale, jeki ni nzima. Kama umezama hata unene wa kucha, jeki inafunguliwa siku hiyohiyo. Alisema jeki inayoshuka mtu akiswali rakaa nne haifai kukabidhiwa mtu. Wakati wa kipimo hakuna taruma chini ya gari, kwa kuwa inayopimwa ni jeki yenyewe. Na wakati huo hakuna ruhusa ya mtu kulisogelea gari. Kanuni ni hiyo tu, haihitaji mashine.

Basi siku moja nilikuwa naijaza mafuta jeki yetu kubwa. Mnajua namna ya kujaza? Pistoni iwe chini kabisa, jeki imesimama wima, unatoa kizibo cha raba cha ubavuni, unajaza mpaka ukingo wa chini wa tundu, usipitilize. Kisha unalegeza valvu, unapampu haraka mara kumi na kitu ili hewa itoke, unakaza. Hewa ikibaki, jeki inadundadunda kama godoro. Yote hayo niliyajua. Lakini mafuta ya jeki yalikuwa yameisha, duka la spea lilikuwa ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika tano, na saa ilikuwa sita kasorobo. Kwenye rafu palikuwa na kopo la mafuta ya breki. Nikajiuliza, breki nayo si inasukumwa na mafuta? Tofauti ni nini? Nilimaliza kidato cha nne na fizikia nikapata D, na siku ile iliyokuwa inafikiri kichwani mwangu ni D yenyewe. Nikajaza. Nikawahi kula.

Tofauti ni hii, na hii muikariri. Sili za jeki hazikutengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya breki. Yanazivimbisha, yanazilainisha kama mkate uliozamishwa kwenye chai, mpaka siku moja zinameguka. Haitokei kesho yake. Wiki za mwanzo jeki ilipanda vizuri hata kuliko zamani, nikawa najisifu moyoni. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linakupa muda wa kulisahau.

Jumatatu moja Mzee Hamadi aliitwa Butimba kuangalia gari la mteja lililozimikia njiani. Akaniambia nipime jeki badala yake. Saa tano na nusu nikainua pikapu lililokuwa limekuja kubadilishwa beringi, tairi la nyuma nimeshalitoa. Nikachora chaki. Nikakaa juu ya ndoo. Redio ya mama wa maandazi ilipiga wimbo mmoja, na wimbo ulipokwisha mstari ulikuwa umezama. Nikachora mwingine. Nao ukazama.

Nilijua palepale ni yale mafuta. Nilijua pia Mzee Hamadi akirudi ataifungua jeki, atanusa, na mafuta ya breki yana harufu yake. Niseme nini? Ningeweza kulishusha gari. Kulegeza valvu kunahitaji nusu dakika. Lakini nikiishusha jeki ningeulizwa kipimo kimeonyesha nini, na mimi sikutaka kuulizwa kitu kabla ya kula. Nikafuta mistari yote kwa kidole gumba. Nikanawa. Nikajiambia nikirudi nitaishusha, nibadilishe mafuta kimyakimya, mambo yaishe.

Nilikutana na Kasiano getini. Mwenye pikapu alikuwa anamsumbua, anataka gari lake.

"Saa Sita, jeki imepimwa?"

"Imepimwa," nikamwambia. "Chaki haikutikisika."

"Basi kale, nitakuanzia."

Naombeni msome hapo tena. Aliuliza. Mtu makini aliuliza swali sahihi kwa mtu aliyepewa kazi ya kulijibu.

Alipofika kwenye gari, beringi moja iliponyoka ikabingirika chini ya ngoma ya breki. Aliingiza mkono kuitoa, mataruma yakiwa hatua mbili nyuma yake. Hilo la mataruma nimelitumia miaka mingi kujitetea, kwamba angeyaingiza kwanza. Ni kweli, angeyaingiza kwanza. Lakini jeki ninayoambiwa imetoka kupimwa, na beringi ipo urefu wa mkono, hata mimi ningenyoosha mkono. Sili ya ndani ilikata, mafuta yakarudi ndani kwa ndani bila tone kumwagika, na gari likakaa.

Mimi nilikuwa mezani. Mtu alikuja mbio. Nilipofika, wanaume wa Mkuyuni walikuwa wameshalinyanyua pikapu kwa mikono, Kasiano wamemtoa, wamemzungushia shati mkononi, wanampeleka kwenye gari la jirani. Alikuwa ananitazama. Sidhani alikuwa ananiona.

Na jeki ilikuwa imelala pale, valvu yake imekazwa barabara kama nilivyoikaza. Mtu yeyote mwenye akili angeona: valvu imekazwa na gari limeshuka, basi ugonjwa uko ndani. Nikainama nikaivuta. Mgongo nimewapa watu. Valvu ya jeki ile ilikuwa na kimkono kifupi cha kushikia. Nikakizungusha nusu duara. Halafu nikageuka, nikasema, "Jamani, hebu tazameni. Valvu imelegea."

Betri akasema, "Atakuwa ameigusa."

"Kwa goti," nikasema mimi. "Alipoinama."

Ilikuwa rahisi hivyo. Wenzangu wote wakapanda gari kumfuata Kasiano hospitali. Nikasema nabaki kulinda gereji. Walipotoweka nikavuka barabara, dakika tano, nikanunua sili na mafuta ya jeki. Nikaifungua, nikaiosha, nikabadilisha kila raba, nikajaza mafuta yanayotakiwa, nikatoa hewa. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile, si kabla wala baadaye. Jioni Mzee Hamadi alirudi, uso umemshuka. Hakumwamini mtu, akaipandisha jeki mwenyewe, akachora chaki, akaketi kuitazama mpaka magharibi inakaribia. Mstari haukusogea hata unywele.

"Basi jeki haina kosa," akasema polepole. Na kwa kuwa jeki haina kosa, kosa likawa la Kasiano.

Baada ya wiki kadhaa alirudi gerejini, mkono umefungwa bandeji. Watu wote walikuwa hawajui pa kuweka macho. Kimya kile mimi sikukiweza. Mimi ni mtu wa masihara, kimya kikizidi mdomo wangu unafunguka wenyewe. Nikapaza sauti: "Karibu Bwana Valvu! Piga goti ukae!"

Gereji nzima ikapasuka kicheko. Kasiano naye akacheka, akapiga goti kweli. Ikawa imeshaandikwa. Akajaribu mwaka mmoja kufanya kazi ya gia kwa vidole vitatu mkono wa kulia, vyuma vinamponyoka, na kila kikianguka kuna mtu anaita, "Valvu!" Kisha akarudi kwao Nansio. Mimi nikabaki, nikawa fundi mkuu baada ya Mzee Hamadi, na kila aliyeanza kazi nilimfundisha kujihadhari na goti lake. Kipimo cha chaki kikafa mikononi mwangu. Kingenikumbusha kila Jumatatu.

Sasa mtaelewa ni nini kilinipata mwezi uliopita. Nilikuja gerejini kuwasumbua kama kawaida yangu. Neema alikuwa amechuchumaa na jeki mbele yake.

"Shikamoo, Mzee Saa Sita."

"Marahaba, mwanangu. Unaitia nini hiyo?"

"Mafuta ya breki. Ya jeki yameisha, nitanunua kesho." Akaona nimemkazia macho, akacheka. "Usihofu, mzee. Valvu nimeikaza kwa spana kabisa. Mimi siyo Valvu!"

Nyie wote mkacheka. Na mimi nikacheka, mlinisikia. Kisha nikamwambia ayamwage.

"Kwa nini?"

"Yanaharibu sili."

"Nani kakwambia?"

Hapo palikuwa pazuri pa kusema. Nikamjibu, "Nimesoma mahali."

Nilitembea kurudi nyumbani huku nimejiona nilivyo. Kumbe miaka yote hiyo gereji nzima inalinda magoti, kopo la mafuta ya breki limekaa rafuni palepale linasubiri mwingine. Uongo wangu haukumchafua Kasiano peke yake. Umewafundisha nyie kuangalia pasipo na hatari.

Kesho yake mchana nilimweleza mke wangu, ugali ukiwa mezani. Aliacha kula.

"Siku ile uliomba nikuongezee mboga," akasema.

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka kwa sababu mtu alipokuja mbio ulikuwa umeshika bakuli. Kwa hiyo ulikuwa unakula huku unajua?"

"Nilijua inashuka. Sikujua itamshukia mtu."

"Hukujua, au ulikuwa na njaa?" Akaondoa sahani yangu, mimi bado sijamaliza. "Meli ya Nansio inaondoka saa ngapi?"

Mimi, ambaye Butimba ni safari, nilipanda meli. Mke wangu alinifungia chakula kwenye hotipoti, lakini hakuniaga kwa maneno mengi. Nansio sikupotea, niliuliza kwa Kasiano Magesa, watu wakatazamana. Nikasema Valvu, mtoto mdogo akanyoosha kidole.

Ana kibanda cha spea za baiskeli. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu bandarini Mwanza. Nilipomwona mgongo tu, kinywa kikaropoka kwa mazoea: "Valvu wee!"

Akageuka, akacheka. "Saa Sita! Umefukuzwa nyumbani?"

Akanipa stuli, akaagiza soda, akanimenyea chungwa kwa vile vidole vyake vitatu. Nilikaa naye saa nzima nikimchekesha. Habari za Betri, habari za Petroli, habari za mama wa maandazi. Kila nikitaka kusema, nilikuta kichekesho kingine. Mwisho vichekesho viliisha, nikasema.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Goti langu," akasema. Akashuka kwenye stuli, akachuchumaa pale vumbini, mzee wa umri wetu, akanyoosha mkono chini ya gari ambalo halikuwepo. "Nilikaa hivi. Ngoma hii hapa, jeki kule. Tazama goti lilipo. Tazama! Linafika?"

"Halifiki."

"Nimekaa hivi mara ngapi, nalitafuta goti langu lilipita wapi. Nikawa naona halifiki. Nikasema basi, watu wote wanasema lilifika, na jeki ilipimwa ikaonekana nzima, mimi ndiye sikumbuki vizuri." Akashindwa kuinuka mara moja. Nilimpa mkono, hakuushika. Akaita, "Mama Bahati! Njoo hapa. Haya, mwambie na huyu."

Nikamwambia mkewe. Mama Bahati alinisikiliza na upawa mkononi, akamgeukia mumewe. "Si nilikwambia halifiki?" Mimi hakunisemesha.

Kasiano akamwita fundi cherehani wa kibanda cha pili. "Mwambie na huyu." Kisha mteja aliyekuja kununua tyubu. "Na huyu." Mara ya kwanza nilikuwa nimeanza na duka lilivyokuwa mbali, na D ya fizikia, na Mzee Hamadi kuitwa Butimba. Kila nikirudia, kitu kimoja kilidondoka, kwa sababu macho yao yalikuwa hayakingoji. Kwa mtu wa nne nilibakiwa na sentensi tatu.

"Na Mkuyuni?" Kasiano akauliza.

"Nitasimama gerejini niwaambie."

"Wewe ukisimama pale watacheka hujafungua mdomo. Hata mimi nimecheka saa nzima. Andika."

"Nitaandika. Kasiano, utanisamehe?"

"Andika kwanza."

Nikaaga. Mnajua kwetu mgeni anavyosindikizwa, hata aliyekuja kukopa chumvi anafikishwa njia panda. Kasiano alirudi kwenye baiskeli aliyokuwa anaitengeneza, akanipa mgongo. Nilikwenda bandarini peke yangu na hotipoti yangu, sikuifungua. Niliporudi ndipo Neema akaniomba kurasa hizi.

Kwa hiyo, vijana, jeki zenu: ubao chini, kabari kwenye matairi, gari likalie taruma. Pistoni ifutwe na ishushwe kazi ikiisha, kwa kuwa unyevu wa ziwa huu huleta kutu, na kutu hukwangua sili. Mafuta yawe ya jeki. Jumatatu mchore chaki, na aliyepima aseme alichokiona, hata kama chakula kinapoa. Neema, lile kopo la breki lihamishie rafu nyingine.

Nilipokuwa naondoka Kasiano alisema jambo moja bila kuinua kichwa. Alisema zile sentensi tatu nizitenge mwisho, nisizichanganye na masihara yangu. Mengine yote mliyosoma ni ya kwangu. Hizi ni za kwake.

Nilijaza jeki mafuta ya breki. Niliiona inashuka, nikafuta chaki, nikamwambia Kasiano Magesa kwamba imepimwa. Hakugusa valvu, niliilegeza mimi.